Wasomaji Wauliza: Kihisi cha Gesi na Maikrokontrola

Barua za safari hii zimeelekea upande mmoja: vihisi vya gesi vya mfululizo wa MQ, vile vyenye umbo la kikopo cha chuma kilichozibwa kwa wavu, na namna ya kuviunganisha na bodi ndogo za maikrokontrola ambazo watu wengi hujifunzia elektroniki. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wasomaji wengine.

SWALI: Nimeunganisha moduli ya MQ-2 (kihisi kilichokwisha kufungwa kwenye bodi yake ndogo) na bodi ya Arduino Uno. VCC (pini ya kuingizia umeme) nimeipeleka 5V, GND (upande hasi) kwa GND, na AO (pini ya moduli inayotoa usomaji wa analogi) kwenye pini ya A0 ya bodi. Kila ninapowasha, namba inayosomwa hupanda haraka, kisha hushuka polepole kwa dakika kadhaa ingawa chumbani hamna gesi yoyote. Tena kikopo huwa cha moto nikikigusa. Je, nimeharibu kitu?

JIBU: Hujaharibu kitu, na waya zako umeziunganisha sawasawa. Hayo unayoyaona ndiyo tabia ya kihisi hiki, na anayeielewa tabia hiyo hupata majibu ya maswali mengine mengi bila kuuliza. Ndani ya kikopo mna bomba dogo la kauri lililopakwa oksidi ya bati kwa nje, na katikati ya bomba hilo imepitishwa koili ya hita. Oksidi hiyo ikiwa ya moto katika hewa safi, oksijeni hujishika juu ya uso wake na kuzuia elektroni, kwa hiyo ukinzani wake huwa mkubwa. Inapokuja gesi inayoweza kuungua, kama vile propani au haidrojeni, gesi hiyo humenyuka na oksijeni iliyojishika, elektroni huachiliwa, na ukinzani hushuka. Wazo hilo lilifanyiwa kazi na Mjapani Naoyoshi Taguchi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vihisi vya MQ vinavyouzwa leo ni vya ukoo huo huo.

Joto, basi, si kasoro, kwa sababu bila joto kihisi hakihisi chochote cha maana. Hita ya MQ-2 ina ukinzani wa omu 33 hivi, kwa hiyo ikipewa volti 5 huvuta mkondo wa miliampea 150 hivi na kutoa joto la takriban robo tatu ya wati muda wote inapowaka. Kikopo kinapoanza kupata moto, ukinzani wa oksidi hushuka kwanza, ndiyo maana namba yako hupanda, kisha uso wa oksidi hujisafisha unyevu na mvuke uliogandamana nao wakati kihisi kilipokuwa kimelala, na namba hushuka taratibu hadi itulie. Kihisi kilichotumika jana hutulia baada ya dakika chache. Kihisi kipya, au kilichokaa kabatini kwa miezi, kinahitaji kuachwa kimewashwa kwa zaidi ya saa 24 kabla ya kupima chochote kwa dhati, na hilo ni agizo la karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, si uangalifu wetu uliopitiliza. Katika programu yako, weka muda wa kusubiri ambao kengele hairuhusiwi kulia, la sivyo italia kila umeme unaporudi.

SWALI: Mimi sina moduli bali kihisi kitupu chenye miguu 6, na michoro niliyoiona inapingana. Mmoja unaonyesha miguu ya A upande wa chanya, mwingine unaonyesha miguu ya B. Upi ni sahihi?

JIBU: Yote miwili ni sahihi. Miguu miwili ya H ni ncha za hita, na haina chanya wala hasi. Miguu miwili ya A imeunganishwa kwa ndani, vivyo hivyo ile ya B, na kati ya A na B ndipo ulipo ukinzani wa oksidi ya bati, ambao nao haujali mkondo umetokea upande gani. Kwa hiyo peleka H moja kwenye volti 5 na H ya pili kwenye GND, unganisha A zote mbili na volti 5, kisha unganisha B zote mbili pamoja na uzipeleke sehemu mbili kwa wakati mmoja: kwenye pini ya analogi ya bodi, na kwenye rezista ambayo mguu wake wa pili unaingia GND.

Rezista hiyo huitwa rezista ya mzigo, na wanaoanza huisahau mara nyingi. Ukiiacha, pini ya analogi itasoma namba zinazoyumba ovyo, kwa sababu hakuna kinachoivuta chini. Thamani yake ni jambo la kuchagua. Kwa MQ-2 mtengenezaji anapendekeza kitu kati ya kiloomu 5 na 47, na kanuni ya kuchagua ni kwamba usomaji huwa mwepesi kubadilika zaidi pale rezista ya mzigo inapolingana na ukinzani wa kihisi katika kiwango cha gesi unachotaka kukigundua. Rezista kubwa husaidia kuona gesi kidogo, lakini hufika upeo mapema gesi ikizidi.

Kabla ya kuwasha, pima kwa multimeta. Kati ya H na H utapata omu 30 na kitu, kati ya A na A karibu sifuri, na kati ya B na B karibu sifuri. Ukikosea ukaweka volti 5 kwenye mguu mmoja wa A na GND kwenye mwenzake, umefunga njia fupi ya umeme. Miguu hii haiingii vizuri kwenye bredibodi, yaani bodi ya kuchomeka bila kulehemu, hivyo ni heri kuilehemu kwenye kipande cha bodi kuliko kuipinda kwa nguvu.

SWALI: Ninatumia bodi ya ESP32, ambayo pini zake ni za volti 3.3. Rafiki yangu amenishauri niiwashe moduli ya MQ kwa volti 3.3 ili kila kitu kilingane. Je, ni ushauri mzuri?

JIBU: Kwa usalama wa pini ni mzuri, kwa kihisi ni mbaya. Nguvu ya hita huenda na mraba wa volteji, kwa hiyo volti 3.3 mahali pa volti 5 haitoi theluthi mbili za joto bali asilimia 44 tu. Kihisi kitatoa namba, na namba hizo zitabadilika ukikipulizia, lakini hazitakuwa na uhusiano wowote na grafu za mtengenezaji. Mpe kihisi volti 5 zake, kisha punguza volteji ya AO kabla haijafika kwenye ESP32.

Rezista mbili zinatosha. Kutoka AO weka kiloomu 10, kisha kutoka hapo hadi GND weka kiloomu 15, na pini ya ESP32 ichukue volteji kutoka katikati yake. AO ikifika volti 5 kamili, pini itaona volti 3.0. Angalia hata hivyo kwamba rezista hizi mbili, jumla yake kiloomu 25, zimekaa sambamba na rezista ya mzigo. Ikiwa rezista ya mzigo ni kiloomu 1, athari ni ndogo na unaweza kuipuuza. Ikiwa ni kiloomu 10, mzigo halisi unakuwa kiloomu 7.1 hivi, na hiyo ndiyo namba ya kutumia katika hesabu zako.

Mambo mengine mawili ya ESP32. Tumia pini kati ya 32 na 39, kwa kuwa pini za kundi la pili la kusomea analogi hugombaniwa na Wi-Fi na huacha kusoma vizuri Wi-Fi inapofanya kazi. Na usidhani kwamba pini ya DO ya moduli, ile inayotoa 0 au 1 tu, haihitaji kupunguzwa kwa kuwa ni ya dijitali: katika moduli nyingi huvutwa juu hadi VCC, yaani volti 5, hivyo nayo ipitie rezista mbili kama mwenzake.

SWALI: Nina moduli ya MQ-2 na Arduino Uno. Baada ya kuiacha imewaka siku nzima, inasoma 90 hivi katika hewa safi. Nimejaribu programu tatu tofauti zinazodai kubadilisha usomaji kuwa sehemu kwa milioni, na kila moja inanipa jibu lake. Niamini ipi?

JIBU: Usiamini hata moja mpaka umeelewa namba zilizoandikwa ndani yake zimetoka wapi. Programu za namna hiyo huwa na namba tatu au nne zisizo na maelezo, ambazo mwandishi alizipata kwa rezista yake ya mzigo na kihisi chake, kisha watu wakazinakili kwa miaka bila kuuliza. Hesabu yenyewe si ngumu, na ni afadhali uifanye mwenyewe.

Anza na rezista ya mzigo. Moduli nyingi hubeba rezista ndogo iliyoandikwa 102, maana yake kiloomu 1, ambayo iko chini ya pendekezo la mtengenezaji. Zima moduli, itenganishe na bodi, kisha pima ukinzani kati ya AO na GND, utapata makadirio mazuri. Udogo wa rezista hiyo ndio sababu usomaji wako wa hewa safi ni mdogo hivyo, na si kwamba kihisi kimechoka.

Kisha tafuta ukinzani wa kihisi. Arduino Uno hugawa volteji katika ngazi kuanzia 0 hadi 1023, na kwa kawaida hulinganisha na ile ile volteji ya 5V inayokilisha kihisi, kwa hiyo hata volti 5 yako ikiwa kwa kweli ni 4.8, kosa hilo hujifuta lenyewe katika uwiano. Chukua 1023, gawa kwa usomaji, toa 1, kisha zidisha kwa rezista ya mzigo. Kwa usomaji wa 90 na rezista ya kiloomu 1, ukinzani wa kihisi chako katika hewa safi ni kiloomu 10.4 hivi.

Hatua ya tatu ndiyo inayowapotosha wengi. Grafu ya mtengenezaji haitumii ukinzani wenyewe bali uwiano wake na ukinzani wa rejea, na ukinzani wa rejea wa MQ-2 si ule wa hewa safi. Ni ukinzani wa kihisi kikiwa ndani ya haidrojeni ya sehemu 1,000 kwa kila milioni. Kwa kuwa hakuna anayeweka mtungi wa haidrojeni iliyopimwa mezani pake, tunapita njia ya pembeni: grafu inaonyesha kwamba katika hewa safi uwiano ni 9.8 hivi, basi gawa 10.4 kwa 9.8, upate ukinzani wa rejea wa kiloomu 1.06. Anayefanya hivyo kwa MQ-135, kihisi kingine cha mfululizo huu, asitumie 9.8, kwa sababu kihisi hicho kina grafu yake na rejea yake ni amonia. Uwiano wake wa hewa safi ni 3.6 hivi.

Sasa tuseme usomaji wako umepanda hadi 500. Ukinzani umeshuka hadi kiloomu 1.05, na uwiano ni karibu 1. Hiyo ni gesi kiasi gani? Ikiwa ni haidrojeni, ni sehemu 1,000 kwa milioni kwa ufafanuzi wenyewe. Ikiwa ni gesi ya mitungi ya kupikia, ni pungufu ya hapo, na ikiwa ni moshi, ni zaidi sana. Kihisi hakijui kutofautisha, nawe huna njia ya kukiuliza. Ongeza kwamba grafu imechorwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 65, kwa hiyo hewa yenye joto na unyevu tofauti husogeza mistari yote. Mistari hiyo, kwa wanaotaka kuendelea, ni karibu kunyooka pale mihimili yote miwili inapokuwa ya logi, hivyo pointi mbili ulizozisoma kwa rula zinatosha kupata mlinganyo wa gesi moja.

Maoni yangu ni kwamba kwa kazi nyingi za kujifunzia, kubadilisha kuwa sehemu kwa milioni ni kujipa usahihi usiokuwapo. Ni uaminifu zaidi kuhifadhi ukinzani wa hewa safi ya mahali pako, kisha kuamua kwamba ukinzani ukishuka hadi theluthi moja ya hapo kwa sekunde kadhaa mfululizo, kuna jambo. Na kama unachotaka ni kupima kaboni dayoksaidi chumbani, achana na MQ-135 ingawa wauzaji hukiandika hivyo. Tafuta kihisi kinachopima kwa mwanga wa infraredi, kama MH-Z19, ambacho huzungumza na bodi kwa njia ya dijitali na kukuondolea hesabu zote hizi.

SWALI: Pini ya DO inanipa 1 wakati hakuna gesi na 0 ninapopuliza gesi. Moduli ni mbovu?

JIBU: Ni nzima. Chipu ya kulinganisha iliyomo, ambayo mara nyingi ni LM393, huvuta DO chini gesi inapovuka kiwango ulichokiweka kwa skrubu ya bluu. Geuza sharti katika programu yako.

SWALI: Nataka kutengeneza king'ora cha kaboni monoksaidi kwa ajili ya chumba cha kulala kwa kutumia MQ-7. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwa kununua king'ora kilichothibitishwa, kwa mfano kilichopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 50291, kisha utengeneze cha kwako kando yake kwa ajili ya kujifunza. Gesi hii haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala hapati onyo la pili. Kiwango hicho kinataka king'ora kilie ndani ya dakika 3 gesi ikifika sehemu 300 kwa milioni, na pia kilie gesi ikidumu kwenye sehemu 50 kwa milioni kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu. Kihisi cha MQ kilichounganishwa mezani hakiwezi kukupa dhamana ya namna hiyo.

Kwa kujifunza, jua kwamba MQ-7 haiwashwi kama MQ-2. Hita yake hupewa volti 5 kwa sekunde 60 ili kuusafisha uso wa oksidi, kisha volti 1.4 kwa sekunde 90, na usomaji unaofaa ni ule wa mwisho wa kipindi cha volti 1.4. Moduli nyingi zimeifunga hita moja kwa moja kwenye VCC, kwa hiyo haziwezi kufuata mzunguko huo bila kukatwa njia ya shaba. Ukitumia kihisi kitupu, weka MOSFET (swichi ya kielektroniki) ya chaneli N inayofunguka vizuri kwa volti 5 kati ya hita na GND, na uiendeshe kwa mapigo ya PWM, yaani kuiwasha na kuizima haraka haraka. Usiunganishe hita moja kwa moja na pini ya maikrokontrola kamwe, kwani pini ya Uno haipaswi kubeba zaidi ya miliampea 20, na hita inataka mara saba au nane ya hapo.

Hapa pana mtego wa hesabu. Volti 1.4 ni asilimia 28 ya volti 5, na wengi huandika mapigo ya asilimia 28. Lakini hita hufuata nguvu, si wastani wa volteji, kwa hiyo kinachotakiwa ni mraba wa 0.28, ambao ni asilimia 8 hivi. Katika ngazi za 0 hadi 255 za Arduino, hiyo ni 20, na wala si 71. Na usome pini ya analogi wakati pigo limezimwa, ili mkondo wa hita usiisogeze GND yako.

SWALI: Betri ya volti 9 inaweza kuendesha Uno na vihisi viwili kwa muda gani?

JIBU: Saa moja au mbili, pengine pungufu. Vihisi viwili huvuta miliampea 300, na betri hizo ndogo hazikuundwa kwa mzigo wa namna hiyo. Aidha regulata ya bodi, inayoshusha volti 9 kuwa 5, italazimika kutupa wati 1.2 kama joto. Tumia adapta ya volti 5 ya ampea 1 au zaidi, vihisi vichukue umeme moja kwa moja kutoka kwayo, na GND ya adapta iungane na GND ya bodi.

SWALI: King'ora changu cha gesi ya kupikia kinafanya kazi nikikijaribu kwa kiberiti cha gesi kisichowashwa. Sasa nataka kikishtuka kiwashe feni kupitia relei (swichi inayoendeshwa kwa sumaku ya umeme) ili gesi itolewe nje. Kuna tahadhari gani?

JIBU: Kuhusu jaribio, linatosha kuonyesha kwamba kihisi ki hai, basi. Pulizo la kiberiti karibu na wavu ni gesi nyingi mno kuliko kiwango chochote cha kengele, na kihisi kitahitaji dakika kadhaa kupona. Ukiwa kwenye hilo, usitumie silikoni ya kuzibia mahali popote karibu na kihisi, kwa kuwa mvuke wake huua uso wa oksidi bila kurudi. Mahali pa kukifunga pia pana maana: gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, kwa hiyo kihisi kikae chini, tofauti na methani ambayo hupaa na hutafutwa karibu na dari.

Kuhusu feni, ningekusihi uliache wazo hilo. Propani huanza kuweza kulipuka inapofika asilimia 2.1 ya hewa, na mguso wa relei hutoa cheche kila unapofungua au kufunga, sawa na injini ya feni yenye brashi. Hata ukiweka kengele kwenye sehemu ya kumi ya kiwango hicho, yaani sehemu 2,100 kwa milioni, kihisi kinapima pale kilipo tu, na kwenye kona nyingine ya chumba gesi inaweza kuwa nyingi mara nyingi zaidi. Badala ya kuivuta gesi iliyokwisha kumwagika, izuie isiendelee kumwagika. Kuna vali za umeme zilizotengenezwa kwa ajili ya gesi, ambazo hubaki zimefungwa zinapokosa umeme. Zikifungwa nje, karibu na mtungi, na kuendeshwa kwa MOSFET mahali pa relei, bodi ikizima, waya ukikatika au programu ikikwama kisha kifuatiliaji chake (saa ya ndani inayoamsha programu iliyokwama) kikaizima na kuiwasha upya, gesi hukatwa yenyewe. Weka pia kitufe, ili vali iliyokwisha kujifunga ifunguliwe tena kwa mkono wa mtu aliyekwenda kuangalia, na si kwa programu iliyoona namba imeshuka.